Neno "Kiasi" Laweza Kuendesha Kiwanda

Iwapo unasoma ukurasa huu huku mkono mmoja umeshika kikombe cha chai na mwingine umeshika andazi, basi umefika mahali pake hasa, maana leo tutazungumza kuhusu kile kilicholiumua andazi hilo, na kuhusu neno moja dogo ambalo vijana wetu wa siku hizi hulicheka: neno "kiasi".

Niruhusu nianze na mkasa uliotupata katika familia yetu mwaka jana, mwezi wa Julai.

Dada yangu mkubwa huishi katika mtaa mmoja wa Eastlands, hapa jijini Nairobi. Kwa zaidi ya miaka 20 amewalea watoto wake kwa mandazi ya hamira. Saa kumi za alfajiri huwa ameshaamka kukanda unga, na kabla ya jua kuchomoza wenye vibanda vya chai na mafundi wa jua kali wameshapiga foleni mlangoni pake. Julai hiyo alilazwa hospitalini ili afanyiwe upasuaji, na biashara yote ikamwangukia bintiye, mwanafunzi wa chuo aliyekuwa nyumbani kwa likizo. Wala hakikuwa kitu cha mzaha. Karo yake ya muhula uliofuata ilitarajiwa kutoka kwenye karai lilo hilo.

Mpwa wangu ni msichana mwerevu na anasomea mambo ya sayansi. Alimpigia mamake simu hospitalini, nami nilikuwa nimeketi kando ya kitanda.

"Mama, maji ya kukandia yawe digrii ngapi?"

"Yawe ya uvuguvugu, mwanangu."

"Uvuguvugu ni digrii ngapi?"

"Ni ule usiochoma kidole wala kukishtua."

"Na unga niuache kwa muda gani?"

"Uache mpaka utosheke. Kukiwa na baridi, ngoja zaidi kidogo."

Nilimsikia mpwa wangu akiguna. Alikata simu, akaenda dukani akanunua kipimajoto na mizani, akaandika kanuni zake kwenye karatasi na kuibandika ukutani: maji digrii 38, hamira vijiko kadhaa, kuumuka saa moja kamili. Siku mbili za kwanza mambo yalikwenda vyema. Siku ya tatu alikuwa na oda ya mandazi 400 ya sherehe ya shule, na alfajiri hiyo Nairobi iliamka na baridi ile ya Julai inayoingia hadi kwenye mifupa. Maji yalikuwa digrii 38 kama ilivyoandikwa. Lakini unga uliolala kwenye sakafu ya saruji ulikuwa baridi, beseni lilikuwa baridi, na chumba kilikuwa baridi. Saa moja ilipotimia akakata na kukaanga. Mandazi yalitoka magumu kama vigae, na oda ikarudishwa.

Kesho yake, kwa hofu, aliuweka unga karibu na jiko la makaa na kuungoja saa mbili. Safari hii uliumuka hadi ukaporomoka, ukawa unanukia pombe. Kufikia mwisho wa juma, wateja watano wa vibanda walikuwa wamehamia kwa muuzaji mwingine.

Msomaji mpenzi, nani alikosea hapa? Wengi watasema kosa ni la mama, kwamba hakutoa vipimo. Mimi nasema mama alitoa vipimo vyote. Tatizo ni kwamba alivitoa kwa maneno, na binti alikuwa amefunzwa kwamba maneno si vipimo. Yapo mawazo hayo hayo katika historia ya sayansi, na yalihitaji wataalamu wachache wenye ushupavu kuyapindua.

Wa kwanza ni Lotfi Zadeh, aliyezaliwa Baku mwaka wa 1921 na kufundisha kwa miaka mingi katika Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, Marekani. Mwaka wa 1965 alichapisha makala yaliyozaa elimu iitwayo mantiki ya fazi. Neno hilo "fazi" limetoka katika Kiingereza, na maana yake ni kitu kisicho na ukingo ulio dhahiri, kama ukungu wa asubuhi: huwezi kuonyesha kwa kidole mahali hasa unapoanzia.

Mantiki ya kawaida, ile inayotumiwa na kompyuta, hujua mambo mawili tu: ndiyo au la. Kitu ni baridi au si baridi. Ukiiambia kwamba uvuguvugu unaanzia digrii 30, basi digrii 29.9 kwake ni baridi kabisa, na digrii 30.1 ni uvuguvugu kamili. Hakuna mpishi yeyote duniani anayefikiri hivyo. Zadeh alisema kitu chaweza kuwa baridi kwa kiasi fulani na vuguvugu kwa kiasi fulani kwa wakati mmoja, na kwamba kiasi hicho chaweza kuandikwa kwa nambari, kuanzia 0 hadi 1.

Chukua kalamu tufanye hesabu moja rahisi. Tuseme kwamba unga wenye joto la digrii 20 au chini yake ni "baridi" kwa kiasi cha 1, yaani baridi kabisa, na kwamba ubaridi huo unapungua polepole hadi kufikia 0 kwenye digrii 30. Uvuguvugu nao uanzie 0 kwenye digrii 20 na kupanda hadi 1 kwenye digrii 30. Sasa mpe mpishi kanuni mbili. Ya kwanza: iwapo unga ni baridi, ngoja dakika 100. Ya pili: iwapo unga ni vuguvugu, ngoja dakika 50.

Leo asubuhi unga wako una digrii 24. Huo ni baridi kwa kiasi cha 0.6 na vuguvugu kwa kiasi cha 0.4. Kanuni zote mbili zina haki ya kusema, lakini kila moja kwa uzito wake. Zidisha 100 kwa 0.6 upate 60. Zidisha 50 kwa 0.4 upate 20. Jumlisha: ngoja dakika 80. Kesho unga ukiwa na digrii 27, ubaridi utakuwa 0.3 na uvuguvugu 0.7, na jibu litakuwa dakika 65. Umeona? Hakuna mruko wa ghafla kati ya siku moja na nyingine. "Kukiwa na baridi, ngoja zaidi kidogo," kama alivyosema mama. Ukungu umo katika maneno tu. Hesabu yenyewe haina ukungu wowote.

Mtu wa pili anatuhusu zaidi sisi wa Afrika Mashariki. Ebrahim Mamdani alizaliwa mwaka wa 1942 huko Tanganyika, nchi ambayo sasa ni sehemu ya Tanzania. Alisoma India, kisha mwaka wa 1966 akaenda Uingereza, na hatimaye akawa mwalimu katika Chuo cha Queen Mary cha Chuo Kikuu cha London. Katikati ya miaka ya 1970, yeye na mwanafunzi wake Seto Assilian walichukua injini ndogo ya mvuke katika maabara, wakaipa kompyuta kanuni zilizoandikwa kwa maneno ya kawaida ya mwendeshaji: iwapo shinikizo la mvuke limepungua kidogo, ongeza moto kidogo, iwapo mwendo umezidi sana, punguza mvuke sana. Injini ikatii. Kabla ya hapo mawazo ya Zadeh yalikuwa karatasini. Ni huyu mwana wa Afrika Mashariki aliyeonyesha kwamba yanaweza kuendesha mtambo. Hadi leo, mtindo huo wa kanuni za "iwapo... basi..." hufundishwa vyuoni kwa jina la Mamdani. Aliaga dunia mwaka wa 2010.

Baada ya hapo mlango ulifunguka. Huko Denmark, kampuni ya F. L. Smidth ilianza kutumia mantiki hiyo kuendesha matanuri ya saruji. Mwaka wa 1987 treni za chini ya ardhi za mji wa Sendai, Japani, zilianza kuendeshwa na kusimamishwa kwa njia hiyo, polepole bila kuwayumbisha abiria. Miaka michache baadaye Wajapani waliitia hata kwenye mashine za kufulia nguo na vyungu vya kupikia wali.

Lakini turudi kwenye hamira, maana hapo ndipo mantiki ya fazi hukutana na kiumbe kilicho hai, na kiumbe hai hakipelekwi kama injini.

Hamira, zile punje ndogo unazonunua kwenye pakiti, ni viumbe wadogo wasioonekana kwa macho. Viwandani hukuzwa katika matangi makubwa kwa kulishwa molasi, ule uji mweusi mtamu unaobaki baada ya sukari kutolewa kwenye miwa. Hapa kwetu Kenya, molasi ya viwanda vya sukari vya magharibi mwa nchi ndiyo imekuwa malighafi ya spiriti na hamira huko Muhoroni.

Sasa sikiliza ujanja wa hamira. Ikipata hewa ya kutosha na sukari kidogo kidogo, hupumua vizuri na kuzaana. Kwa gramu 100 za sukari, huweza kutoa takriban gramu 50 za hamira mpya, ikipimwa ikiwa kavu. Lakini ukiimwagia sukari nyingi kwa mpigo, hata kama hewa ipo tele, hamira hulewa ulafi: huacha kuzaana kwa bidii na kuanza kutengeneza pombe. Gramu zile zile 100 za sukari sasa zinaweza kutoa takriban gramu 10 tu za hamira. Mwenye kiwanda cha spiriti atafurahi. Mwenye kiwanda cha hamira atalia, maana sukari yake imegeuka kuwa kitu asichokitaka.

Kwa upande mwingine, ukiibania sukari, hamira hukaa na njaa, na tangi la bei ghali linakaa bila kazi. Njia iliyo bora ni nyembamba kama ukingo wa kisu. Ndiyo sababu tangu mwanzoni mwa karne ya 20 watengenezaji hamira wa Denmark na Ujerumani walibuni utaratibu wa kudondosha chakula kidogo kidogo badala ya kukitia chote mara moja.

Swali ni hili: kidogo kidogo ni kiasi gani? Katika hali nzuri, seli za hamira huweza kuongezeka maradufu kwa muda wa saa mbili hivi, kwa hivyo chakula kilichotosha asubuhi hakitoshi adhuhuri. Molasi ya mzigo huu si sawa na ya mzigo wa juma lililopita. Vifaa vya kupimia ndani ya tangi huchakaa na kupotoka. Tena hamira haijibu papo hapo. Ukikosea sasa, huenda ukaliona kosa lako baada ya muda, wakati madhara yameshatokea. Kuandika hesabu moja itakayobashiri yote haya bila kukosea ni kazi ngumu mno.

Hata hivyo, mzee aliyekaa kando ya tangi kwa miaka 20 hufanya kazi hiyo bila hesabu ndefu. Hutazama povu, hunusa, husoma mita ya pombe na ya hewa, kisha hugusa vali kidogo tu. Ukimwuliza, atakujibu kwa maneno. Na maneno hayo ndiyo mantiki ya fazi huyachukua na kuyapa kompyuta. Kanuni zenyewe huwa za namna hii:

Iwapo pombe tangini ni kidogo sana na haiongezeki, ongeza molasi kidogo.

Iwapo pombe ni ya wastani na inaongezeka polepole, punguza molasi kidogo.

Iwapo pombe ni nyingi na inaongezeka kwa kasi, punguza molasi sana.

Iwapo pombe ni nyingi lakini inapungua, usiguse kitu.

Hebu itazame tena hiyo kanuni ya nne, maana hapo ndipo uzoefu ulipo. Mgeni akiona pombe ni nyingi ataogopa na kufunga vali. Mzee anajua kwamba sukari ikipungua, hamira hurudi na kuila pombe iliyoitengeneza yenyewe, mradi hewa ipo. Kwa hivyo hungoja. Kompyuta iliyopewa kanuni hii nayo hungoja. Kila baada ya muda mfupi hupima, huuliza kila kanuni ina uzito gani wakati huo, huchanganya majibu kama tulivyochanganya dakika zetu, kisha huligusa vali.

Wajapani walikuwa na sababu ya pekee ya kulishika jambo hili kwa mikono miwili. Pombe yao ya jadi ya mchele, sake, kwa karne nyingi ilisimamiwa na mabingwa waitwao toji, ambao wengi wao walikuwa wakulima waliokuja kwenye viwanda vya sake wakati wa majira ya baridi, mashamba yanapopumzika. Toji alijua kwa kutazama mapovu na kunusa kama tangi linahitaji kupozwa kidogo au kuachwa. Lakini wazee walikuwa wakipungua, na vijana walikuwa wamekimbilia ajira za mijini. Elimu ya karne nyingi ilikuwa inaelekea kaburini. Mwaka wa 1991, watafiti wa Japani walichapisha matokeo ya kazi yao ya kutumia mantiki ya fazi katika uchachushaji wa sake, ambapo maarifa ya mabingwa yaligeuzwa kuwa kanuni za kuongoza joto la tangi.

Sisemi kwamba mashine ilimshinda toji. Mashine haijui lolote, imeambiwa tu. Ikipewa kanuni mbaya, itakosea kwa uaminifu mkubwa, usiku na mchana, bila kuchoka. Siku hizi pia kuna njia nyingine za kuongoza matangi, zikiwemo kompyuta zinazojifunza zenyewe kutokana na kumbukumbu za kazi zilizopita, na mara nyingine njia hizo huunganishwa na mantiki ya fazi. Lakini katika njia hii yetu, ubora wa mashine hauwezi kupita ubora wa mtu aliyehojiwa, na uvumilivu wa yule aliyemhoji.

Na hilo ndilo lililonirudisha kando ya kitanda cha dada yangu. Nilimwambia mpwa wangu aache kuuliza "digrii ngapi". Badala yake aulize, "Iwapo mambo ni hivi, wewe hufanyaje?" Alikuja hospitalini na daftari. Kwa siku tatu, saa ya kutembelea wagonjwa, alimhoji mamake.

"Iwapo hamira imekaa kwenye kopo lililofunguliwa kwa muda mrefu, mama?"

"Ongeza kidogo, na uijaribu kwanza kwenye maji yenye sukari. Isipotoa povu, itupe."

"Iwapo asubuhi ni ya baridi sana?"

"Pasha maji zaidi kidogo, na beseni ulifunike kwa blanketi. Usiutazame mshipi wa saa. Bonyeza unga kwa kidole. Shimo likirudi upesi, bado. Likirudi polepole, tayari. Lisiporudi kabisa, umechelewa."

Msichana akaandika: upesi, polepole, kabisa. Maneno matatu, na ndani yake kulikuwa na kipimo ambacho kipimajoto chake hakikuweza kumpa, kwa sababu unga wenyewe ndio uliokuwa ukijibu. Hakukitupa kipimajoto. Alikitumia kupima unga uliokwisha kukandwa badala ya maji peke yake, na hapo mama na sayansi wakaanza kusikilizana. Kufikia mwisho wa Agosti wateja watatu kati ya wale watano walikuwa wamerudi. Karo haikutimia yote. Nusu ilibidi sisi wajomba tuchange. Lakini msichana alirudi chuoni.

Dada aliporudi nyumbani, mkono wake wa kulia haukuwa na nguvu kama zamani. Aliketi kwenye kigoda, akavaa miwani, akalisoma daftari lote kimya kimya. Kisha akasema, "Mmesahau moja." Akamwambia bintiye aandike: iwapo mteja anataka mandazi yenye sukari nyingi, ongeza subira. Mpwa wangu alinitazama, maana alishalisoma jambo hilo darasani: sukari nyingi huvuta maji na kuichelewesha hamira. Mama yake alilijua bila darasa, miaka 20 mapema.

Basi msomaji mpenzi, nikuachie kazi ya nyumbani. Katika familia yako yuko mtu mmoja anayepika, anayeshona, anayelima au anayetengeneza kitu kwa "kiasi". Huenda ni nyanya yako huko mashambani, huenda ni baba fundi hapo hapo sebuleni. Usimcheke kwa kukosa vipimo. Mwulize, "Iwapo mambo ni hivi, wewe hufanyaje?" na uandike maneno yake kama alivyoyatamka, pamoja na ule "kidogo" na ule "sana". Nawe mzee, usimfukuze kijana kwa kuuliza maswali mengi. Mabingwa wa sake walihojiwa wakingali hai. Kaburi halihojiwi.

Tukutane hapa hapa Jumapili ijayo, Mungu akitujalia. Kwaheri kwa sasa.